Chumba chenye Maji, Kuni na Taa

Mpendwa baba,

Shikamoo, huko uliko. Sijui kama marahaba yako inaweza kunifikia, lakini nimekuamkia, kwa sababu kuna jambo linanitia hofu na hapa mjini sina mwingine wa kumweleza akanielewa.

Unakumbuka tulivyohama kijijini kwetu Mbuba? Mama alikuwa ametutoka, nawe ukapata kazi ya utarishi bomani Biharamulo. Ukapanga chumba kwa Mzee Athumani, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka pwani. Akakwambia kodi ni ya vyote: chumba, maji ya kisima cha uani, kuni na mafuta ya taa. Mtu mwingine angeshukuru. Wewe ulinyong'onyea.

Kwetu, mtu akikupa ng'ombe unakuwa mtu wake. Unampelekea pombe, unamlimia, na watoto wako wanatumika nyumbani kwake. Wewe ukaona maji na kuni ni mambo yale yale. Ile taa hukuiwasha. Ulikwenda kuokota kuni zako mwenyewe porini kwenye mbung'o, na sare ya serikali mwilini, hata wapangaji wenzetu wakawa wanakucheka. Mimi sikucheka. Niliogopa kwa kuwa nilikuona wewe unaogopa.

Kisha Bi Mwanaisha, mke wa mzee, akaniita nikakae na binti zake nijifunze kusuka ukili wa mikeka. Uso wako ulibadilika. Ukaona siku ya kudaiwa imefika, na kinachotakiwa ni mimi. Kesho yake ulikwenda Nyamahanga kwa rafiki yako, ukarudi na kibuyu cha pombe ya ndizi. Ukanishika mkono tukaenda barazani kwa mzee, ukapiga goti, ukakitua kibuyu mbele yake.

Pombe kwa Mwislamu, baba, tena ndiyo kwanza anatoka kuswali! Leo naweza kucheka kidogo. Siku ile Mzee Athumani alirudi nyuma, akakusanya kanzu yake, akaomba kitu kile kiondolewe barazani. Kwetu, bwana akiikataa pombe yako amekukataa wewe. Ulirudi chumbani ukaanza kufunga mizigo.

Bi Mwanaisha ndiye aliyetufuata. Alisimama mlangoni akauliza kuna nini. Ukasema, "Mama, mtoto huyu ndiye niliyebaki naye. Msimchukue."

Yule mama alikaa chini pale pale kizingitini. "Kaka, hapa umepanga," alikwambia. "Ukishatoa kodi, hatudaiani kitu. Mtoto ni wako."

Ukamwomba arudie, naye akarudia. Jioni ile tuliwasha taa kwa mara ya kwanza.

Tuliishi mle mpaka ulipofariki, na sijaona tena watu waungwana kama wale. Kodi ikawa neno ulilolipenda kuliko yote ya Kiswahili. Ukitoka kulipa ulikuwa unatembea kifua mbele, utadhani umenunua ng'ombe.

Ndiyo maana sasa naogopa, baba. Mume wangu ameajiriwa na tajiri mmoja anayenunua ngozi, na tajiri huyo ametupa nyumba nyuma ya ghala lake. Maji yapo, kuni zinaletwa, taa haikaukiwi mafuta. Kodi hakuna. Mume wangu anafurahi, ananitania kwamba nimekuja mjini na woga wa shamba. Huenda ni kweli. Lakini tajiri yule ameshauliza binti yetu ana umri gani, na kila akija ghalani huketi akimtazama anavyochota maji. Nikisikia viatu vyake uani, namwita mtoto ndani bila sababu, naye ananishangaa.

Nilimsihi mume wangu ampelekee kodi, hata kama haidai. Nilimwambia atoe chochote, mradi ipokewe, ili tuwe wapangaji kama wapangaji wengine. Alinikatalia, nikalia, mwishowe akakubali. Leo asubuhi amekwenda. Amerudi nayo mkononi, anatabasamu, anasema tajiri ameikataa.

Lala pema, baba. Mimi sitalala.

Binti yako