Kitambaa Nilichokifunga kwenye Mashine ya Mashuka

Chumba namba 4, uani,
Nyuma ya kiwanda cha dobi.

Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Goti lako likoje? Wifi amekupeleka kwa daktari, au bado unapanda ngazi ukiguna kama mzee wa miaka tisini? Na yule mdogo ameshaota meno? Mimi mwili ni mzima. Mama naye hajambo, sukari imetulia, ila siku hizi anasali muda mrefu kuliko kawaida yake.

Kaka, kama umesimama, kaa kwanza.

Mdogo wetu, Kasuku wako, ameumia kazini. Yuko hai, usiogope. Jumanne asubuhi, wiki tatu zilizopita, mkono wake wa kulia uliingia kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka. Madaktari wameokoa kidole gumba na cha shahada. Vile vitatu vingine havipo tena. Sentensi hii nimeiandika na kuifuta mara nne.

Najua utauliza kwa nini nilikaa kimya. Nilikuwa natafuta namna ya kukueleza bila kujitaja, nikaikosa.

Mashine ile ina rola mbili kubwa za moto, na mbele yake kuna bamba la chuma tunaloliita kinga. Mkono ukiligusa kidogo tu, mashine inasimama. Tabu ni kwamba inasimama hata shuka likijikunja, mara thelathini kwa siku, huku mashuka ya hospitali yakirundikana. Basi sisi wanawake wa pasi tuna mtindo wetu. Tunachana pindo la foronya kuukuu, tunalifunga lile bamba lisicheze, jioni tunafungua. Msimamizi anaona, anapita zake akipiga mluzi. Siku ile nilifunga mimi. Nilipiga mafundo mawili nikajisifu kwamba leo tutatoka mapema.

Ukelele wake sitakuandikia.

Wenzetu, niseme haki, walianza vizuri. Fundi umeme alizima swichi kubwa, mpishi wa kantini akamfunga mkono kwa taulo safi, dereva akamkimbiza hospitali bila kungoja ruhusa ya mtu. Yaliyofuata ndiyo yaliyotuharibia. Juu ya sanduku la dawa pamebandikwa karatasi: baada ya ajali mashine isiguswe, walioona waandike walichokiona siku hiyohiyo, mwajiri atoe taarifa ofisi ya kazi. Nimepita chini ya karatasi hiyo miaka sita. Msimamizi akanivuta pembeni. "Dada, toa kile kitambaa kabla watu hawajaja. Ajali haina kinga."

Hii ilikuwa nayo, Kaka, na niliyeifunga ni mimi. Nikafungua kitambaa, nikafuta rola mpaka zikang'aa. Kwenye daftari la ajali msimamizi akaandika kwamba binti alikuwa mzembe, nami nikatia saini kama shahidi.

Kiwanda hakikutoa taarifa kwa mtu. Muuguzi wa wodi ndiye aliyemwita mkaguzi wa ofisi ya kazi, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alikaa kando ya kitanda akauliza nani aliifunga kinga. Nilikuwa nimesimama hapohapo. Kasuku akanitangulia.

"Nilifunga mimi. Dada hakuwa hata karibu."

Unamjua yule. Ukivunja kikombe, yeye alikuwa ameshamwambia Mama kabla vipande havijatulia sakafuni. Siku hiyo alidanganya bila kupepesa jicho.

Kiwanda kikapata pa kujificha. Wanasema alijiumiza mwenyewe, basi kazi hana na matibabu yaliyobaki ni juu yake. Bado anatakiwa kupasuliwa tena, la sivyo kidole cha shahada hakitakunjika, na hatashika hata kijiko. Nilipomuuliza kwa nini alisema vile, alinijibu kama anayemweleza mtoto: "Tukikosa kazi wote wawili, Mama atakula nini? Mimi mkono umeshakwenda. Wewe unayo yote miwili."

Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, nikataka ale peke yake, na kazi ile ni mimi niliyemwombea.

Halafu nikaona msichana mpya amewekwa kwenye mashine ileile, na kinga imefungwa tena. Ijumaa nilikwenda kwa mkaguzi nikasema yote, kuanzia mafundo mpaka saini. Aliandika polepole, akanisomea, nikatia saini nyingine. Alisema kulinda mashine ni wajibu wa mwenye kiwanda kwanza, na kwamba msimamizi aliyeona akanyamaza naye ana lake la kujibu. Shauri la Kasuku litafunguliwa upya, ila hakuniahidi kitu. Kesho wanaingia kiwandani. Sidhani kama saa sita ya mchana itanikuta nikiwa na kazi.

Nilidhani Kasuku atapumua. Nilipomweleza, aligeukia ukutani. "Nilikuwa nimekuwekea kazi yako kwa mkono wangu, Dada. Umekwenda kuitupa." Tangu hapo hajanisemesha. Namlisha, anafungua mdomo, anameza, anafumba.

Kwa hiyo, Kaka, ukipata nafasi ya kuandika, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Mama anakusalimu, na fundi umeme pia, ambaye ndiye pekee kazini anayeitikia salamu yangu. Nibusie watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awarudishe nyumbani kila jioni mkiwa kamili kama mlivyotoka.

Mimi mdogo wako, niliyekosa, na bado nikupendaye.