Kiti cha Mnyamwezi Kwenye Kaseti

Kabuku, msimu wa mahindi

Mtani wangu Shija,

Huku hatujambo sote, mimi, mume wangu na kuku. Hali yako siulizi, maana nyinyi Wanyamwezi hata mkiwa hai mlikuwa wazito wa kujibu, sembuse sasa.

Kwanza nikupe habari. Mgahawa wa kijiji bado nauendesha mimi, pale pale barabarani, ila kamati imeniletea meza mpya yenye mguu mmoja mfupi na kunitaka niwe na nidhamu ya kazi. Sukari ilipotea dukani, ikarudi, ikapotea tena. Lori la shamba lenu la mkonge linapita kama kawaida, lina dereva mpya, kijana mpole, anakunywa chai yangu na kusema asante. Sijamzoea. Mtu anakaa kwangu asubuhi nzima na haniambii kwamba nimechemsha chai kwa soksi ya mume wangu? Nikimwangalia namwona kama mgonjwa.

Na Athumani, kondakta wa basi la Korogwe, bado ananing'inia mlangoni na kuniuliza kwa sauti, "Mgeni hajambo?" Namjibu hajambo, yuko safarini. Abiria wapya wanatazamana. Hawajui kuwa Mgeni ni tepurekoda.

Nacheka nikikumbuka ulivyoipata. Shamba lilipotaifishwa, meneja akafunga virago vyake, akakiacha kile kidude kwenye banda lenu la mafundi, kimekufa kabisa. Wewe, fundi wa mashine za kuchania mkonge, ukakifungua kama unavyofungua pampu, ukakirudishia, ukatia uzi wa mkonge mahali ambapo mkanda wake ulikuwa umekatika. Kikaguna. Siku ya pili lori lenu liliposimama Kabuku, ukaja nacho kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, ukanisalimia "Mwangaluka, mke wangu" mbele ya mume wangu, kama kawaida yako, naye akakujibu "Mchukue, lakini harudishwi." Ukaniambia, "Mzigua, leo nimekuja kuyafunga matusi yako kwenye kopo."

Ndivyo tulivyoanza. Utani tulikuwa nao tangu zamani, kabla yako na kabla yangu. Babu zako walipita kwetu wamebeba mizigo ya watu kwenda pwani, babu zangu wakakaa kivulini wakiwahesabu, na hadi leo tunatukanana kwa haki. Lakini kuutia utani kwenye nyimbo, na nyimbo kuzitia kwenye kaseti, hilo lilikuwa letu wawili. Kila mtu alituona tumechanganyikiwa. Wewe ulining'iniza spana kwa kamba za mkonge, kubwa hadi ndogo, ukazigonga kwa msumari. Mimi nilipanga vikombe vya mgahawa, kila kimoja na maji yake, nikavigonga kwa kijiko, na wateja wakasubiri chai mpaka wimbo uishe.

Unaukumbuka ule wa mbuzi?

*Mbuzi wa mwenyekiti kahudhuria kikao,*
*kaunga mkono hoja, kisha kala karatasi yao.*

Mwenyekiti wetu wa kijiji hakunisemesha kwa muda mrefu baada ya huo. Na ule wa jogoo wa Kerenge aliyehamia kijiji cha ujamaa akakataa kuwika peke yake, akasema lazima wawike kwa pamoja. Na ule wa kipande cha sabuni kilichosimama foleni mpaka kikaisha. Upuuzi mtupu, Shija. Nilikuwa nikicheka mpaka nashika ukuta.

Wewe Korogwe, mimi Kabuku, na tepurekoda moja. Kwa hiyo ikawa inasafiri yenyewe. Unaifunga kwenye gunia, unampa Athumani, naye anaikalisha mapajani na kuwaambia abiria waangalie, huyu ni mgeni. Ukishaimba beti yako ya kunisuta, hukuzima. Uliacha kaseti izunguke kimya, kiasi cha beti moja, ili mimi niimbe jibu langu mahali hapo. Hilo tuliliita kuacha kiti. Na kabla ya kunyamaza ulisema daima, "Haya, Mzigua, jaza." Nami nikishajibu, nakuachia chako: "Haya, Mnyamwezi, jaza." Wala hakuna aliyewahi kuacha kiti cha mwenzake kitupu. Hata nilipojifungua Zaina nilijibu, na kilio cha mtoto kimo humo.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka kukufikisha.

Mgeni alifika Jumanne na beti yako mpya. Betri zilikuwa zimechoka, wewe mwenyewe ulisema siku hizo kwamba mnazianika juani kila asubuhi kama mihogo, na dukani hakuna. Zilipofika kwangu zilikuwa zimekata roho kabisa. Nikaweka tepurekoda kabatini nikasema nitasikiliza betri zikipatikana, nikujibu, haraka ya nini. Ijumaa Athumani akashuka kwenye basi mwenyewe, hakupiga kelele mlangoni. Nikajua kabla hajasema. Kile kifua ulichokuwa unakiita kikohozi cha vumbi la mkonge kilikuwa kimekuchukua.

Mazishini nilifanya kazi yangu ya mtani. Nilivaa ovaroli yako, nikatembea nimekunja magoti kama wewe, nikasimama mlangoni kuzuia jeneza nikisema mpagazi hatoki hapa mpaka anibebee debe langu la maji. Watu walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Nilipokwenda nyuma ya nyumba kuvua ile ovaroli ilikuwa inanuka grisi, na nilikaa chini hapo hapo. Hilo nakwambia wewe tu.

Jioni Nyamizi, mkeo, akanijia. Unajua alivyokuwa akituona sisi, watu wazima tunagonga vikombe. Akasema, "Mke mwenzangu, ile kaseti yenu ina sauti yake?" Nikasema inayo. Akasema, "Tanga likianuliwa mimi na Masele tunarudi Tabora kwa wakwe zangu. Mtoto bado mdogo, atasahau. Na mimi nimeanza kuisahau. Nataka niisikie kabla ya kuondoka."

Basi nikaahidi, nami sikuwa na betri hata moja.

Niliulizia Kabuku yote. Nikatuma mtu Vugiri kwa binamu yangu, akarudi na viazi. Mwishowe nikaenda kwa mwenyekiti, yule yule wa mbuzi. Nikampigia shikamoo ya kupiga goti, nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na tochi yake, akaifungua akanimiminia betri mkononi. Akasema, "Mama Zaina, na ule wimbo wa mbuzi uwapigie. Waambie mbuzi mwenyewe bado yupo." Tangu siku hiyo sijamwimba tena yule mzee, na unajua kwangu hiyo ni sadaka kubwa.

Siku ya kuanua tanga, kambini kwenu kwenye mkonge, watu wamejaa uani, wazee mbele. Nyamizi amekaa mkekani na Masele miguuni. Nikasema, sasa msikilizeni baba yenu. Nikabonyeza.

Kikatoka kifaranga, Shija.

Wewe uliimba betri zikiwa zimechoka, mashine ikizunguka polepole, na hizi za mwenyekiti zilikuwa na nguvu, zikaikimbiza kaseti. Ukawa unalia piyo piyo piyo, mwanamume mzima wa mabega yale. Nikaona mabega ya mzee mmoja yanatikisika, kisha mwingine akajifunika uso na kofia, kisha kambi nzima ikapasuka. Nyamizi alicheka mpaka akaanguka ubavu, kanga mdomoni. Nadhani tangu ulipoondoka ndiyo mara ya kwanza. Halafu akainuka, akajipangusa, akaniambia kwa upole, "Huyo si yeye."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaambia uliimbia betri zilizochoka, nikakumbuka kwamba mwalimu wa shule yetu alipita akikusanya betri mbovu, akazitwanga kwa ajili ya rangi ya ubao. Sauti yako ilikuwa inafundishia hesabu Kabuku.

Ndipo fundi mmoja wa banda lenu, yule uliyekuwa ukimwita Mvivu, akasema, "Kama anataka betri zilizochoka, si tuzichoshe?"

Tukazichosha. Tulipiga nyimbo zetu zote, mwanzo hadi mwisho, kisha tukarudia. Tangu asubuhi. Wimbo wa mbuzi waliuomba tena na tena. Wa jogoo, wazee wakaushika, wakawa wanaitikia. Mvivu akaleta spana zako, akazining'iniza mlangoni. Miaka yote tuliimba tukiwa peke yetu, na siku ile walikaa watu wa kambi nzima wakisikiliza upuuzi wetu kama hotuba. Ningependa uwaone.

Kila baada ya muda narudia beti yako. Adhuhuri ulikuwa mtoto wa shule. Wali ulipoiva ulikuwa kijana anayevunja sauti. Nyimbo nyingine zilianza kukokota, mimi mwenyewe nikawa nanguruma kama mzee aliyeshiba, watu wakacheka sana. Jua lilipoanza kuelemea upande wa milimani nikarudisha tena, nikabonyeza, na ukawa wewe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Masele alisimama, akaenda kutazama nyuma ya mashine.

*Mwatuita wapagazi, vichwa bapa kwa mizigo,*
*leo nimetua chini, nimechoka hata shingo;*
*huu wako wa maneno, Mzigua, ujitweke,*
*chai yako ni ya rangi, na sukari uiweke.*

Kisha, "Haya, Mzigua, jaza." Na ukakaa kimya, ukaniachia kiti.

Nilikuwa nimenyoosha mkono nizime. Lakini kile kiti hakikuwa kitupu. Kuku wa uani wanasikika humo. Spana moja inagonga nyingine. Unakohoa. Halafu, kwa mbali, jikoni, sauti ya Nyamizi: "Baba Masele, chakula kinapoa." Na wewe, si kwa kuimba, kwa sauti yako ya kila siku ya mtu anayetafuta viatu vyake: "Nakuja, mke wangu. Nakuja."

Nyamizi hakucheka wala hakupiga ukelele. Alisema tu, polepole, "Haya," kama mtu aliyeitikiwa. Kisha akalia vizuri, kilio chenye mwisho, na wanawake wakamwachia alie. Na mimi nililia, Shija. Nililia kwa nguvu, wala sikumgeuzia mtu kisogo.

Baadaye Mvivu akaniuliza, "Betri bado zina pumzi kidogo. Humjibu mtani wako?" Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limeniwasha ulimi siku nzima. Nafasi ya kulitia ilikuwa moja tu, pale pale ulipoiacha. Na nikiimba pale, nakufuta. Nakufuta ukisema nakuja.

Nikasema, "Sijibu." Kambi nzima ikapigwa na butwaa. Mzigua kanyamaza mbele ya Mnyamwezi. Wazee wenu walipiga makofi, wengine wakasimama, na hawajaacha kulisema hilo, Athumani ananiletea salamu zao kila akipita. Basi furahi. Neno la mwisho kwenye kaseti ni lako, na babu zangu huko uliko najua wanakutazama vibaya.

Kaseti nimempa Nyamizi, na Mgeni naye nimempa, nikamwonyesha jinsi ya kuzichosha betri. Nilimpandisha treni mwenyewe hapo Korogwe, gunia mapajani, na Masele anamwambia kila abiria kwamba humo ndani yumo baba, ila mpaka achoke ndipo anaongea.

Sasa vikombe vyangu vinanywewa chai tu. Lakini juzi, mgahawa ukiwa mtupu, nilitia maji kwenye kimoja, nikakigonga. Bado kinaitika. Nikapanga na vingine. Yule dereva mpole akaingia, akasimama kunitazama, akasema, "Mama, hicho cha mwisho kimepotoka, kama kilemba chako." Nikamwuliza kwao wapi. Akasema Tabora. Nikamwambia akae, nikamwuliza kwa nini alikuwa ananificha kwamba ni mtani.

Nakuaga, mtani. Nakuahidi nitaendelea kuimba, hata bila mashine, na sukari ikipatikana kikombe cha kwanza ni chako. Jibu lako siwezi kuliweka kwenye kaseti, kwa hiyo naliweka hapa, ulichukue:

*Mnyamwezi umetua, nani kakupa ruhusa?*
*Mzigo bado twabeba, begani tunakukosa;*
*sukari nikiipata, kikombe nakifunika,*
*haipoi, nailinda, mtani wangu, pumzika.*

Chini hapa sijaandika kitu, karatasi imebaki nyeupe. Haya, Mnyamwezi, jaza.

Mimi mtani wako,
Mwanaidi, Mama Zaina