Maharage ya Mwanao

Mwanao amekuwa wa kwanza darasani kwa mapishi! Ndiyo, dada, siku hizi shuleni wavulana nao wanafundishwa kupika, na wangu amewapita hata wasichana. Hamjambo huko?

Juzi alitupikia maharage. Shemeji yako akafuta sahani, akasema, "Niongeze." Miaka ishirini na moja ya ndoa, hajawahi kuniomba nimwongeze!

Nikamuuliza mtoto, "Nani kakufundisha?"

"Mwalimu, mama."

Mwalimu! Mimi niliyembeba mgongoni nikikoroga sufuria, sitajwi? Wawafundishe kufua na kushona vifungo, sikatai, lakini jiko wangeniachia.

Basi njooni wote. Tutapika mimi na yeye, sufuria mbili, na shemeji yako hataambiwa ipi ya nani.

Mdogo wako akupendaye, nawangoja Jumapili mchana.