Mtoto Asile Hadi Jumapili

Rubondo, 4 Februari 2024

Mwanangu Uwamariya,

Salamu katika jina la Yesu. Sisi tuko wazima, ila mgongo wangu ni uleule. Habari za Nyamityobora na cherehani yako?

Binti yako Sidonie amenichekesha na kunitetemesha. Alhamisi tulikwenda kumwombea jirani yetu Alida, aliyelala kitandani tangu Krismasi. Sisi wazee wa kanisa tuliomba saa nzima kwa sauti kubwa. Tulipochoka, mtoto akasema: "Mungu, Mama Alida anataka kuenda choo peke yake. Umusaidie. Amina." Jana Alida alisimama, akaenda mwenyewe. Miaka sita tu, mwanangu! Nimelia kwa furaha.

Baba yako,
Ezira

Nyamityobora, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Pole na mgongo. Mimi sijambo, kazi ipo. Nilicheka mpaka wateja wakauliza kulikoni. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Alida. Lakini nakuomba, usimtangaze mtoto. Mwache aombe na acheze kama wenzake.

Binti yako,
Uwamariya

Rubondo, 5 Machi 2024

Mwanangu,

Uzima upo, kwa neema. Nisamehe kukawia, wageni ni wengi. Wanafika tangu alfajiri kutaka mtoto awaombee, wengine wanatoka mbali, Rwekubo. Pasta Natanaeli amemwekea Sidonie kiti mbele kanisani, nami naketi kando yake. Sijawahi kuheshimiwa hivi. Shule itangoja kwanza.

Wawili walipona, wengine bado. Pasta anasema, "Mutoto anakula mingi, ndiyo maana nguvu inapunguka." Basi leo ameingia chumba cha maombi. Atafunga hadi Jumapili kwa ajili ya kichanga cha Nyirakamana, kinachopumua kwa shida. Usiogope, maji anapewa.

Baba yako,
Ezira

Nyamityobora, 6 Machi 2024

Baba,

Leo sina salamu. Nimelazwa kliniki na malaria, drip iko mkononi, la sivyo ningekuwa nimeshafika huko. Simu ya Pasta haipokelewi, nawe huna simu.

Mtoto wa miaka sita hafungi. Yesu alisema watoto waje kwake, hakusema waje na njaa. Mtoe, mpe uji. Na Nyirakamana apeleke mwanawe kwenye kituo cha afya leo hii. Nina hasira na wewe, Baba, na ninaogopa.

Mama Sidonie

Rubondo, 8 Machi 2024

Uwamariya mwanangu,

Natumaini homa imeshuka. Barua yako niliisoma jana mbele ya chumba cha maombi. Niliona aibu, nikafungua mlango. Sidonie alikuwa amelala sakafuni, midomo imekauka. Nikamuuliza alikuwa akimwambia Mungu nini siku zote hizo. Akasema, "Nilimuambia niko na njala. Halafu nilimuomba asikuambie, babu, utakasirika."

Nikambeba mbele ya watu wote, nikampa uji. Sasa anakula kidogo kidogo.

Leo asubuhi kichanga cha Nyirakamana kimekufa. Nilimwambia mama yake kuhusu kituo cha afya, lakini Pasta alimkataza. Sasa Pasta amewaambia watu kuwa aliyekiua ni mimi, niliyevunja mfungo. Tangu mchana wamesimama uani kwangu, ndugu niliosali nao miaka kumi. Wanataka mtoto arudishwe chumbani. Nimesukuma meza mlangoni, na barua hii naipitisha dirishani kwa jirani yetu Prudence.

Nimejaribu kuomba kama nilivyozoea, maneno yamekataa. Mwisho nikapiga magoti kando ya Sidonie, nikasema tu, "Baba, ninaogopa." Yeye akaitikia amina.

Ukipata nguvu ya kusimama, njoo. Usije peke yako.

Baba yako,
Ezira