Pengo la Juu ya Kioo Chako

Bigo, Bunia, Jumatano

Kwako dada yangu Wivine,

Kabla ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: tangu mwezi uliopita ninazungumza na kioo chako.

Sasa nikusalimu. U mzima? Shemeji na wakwe zako hawajambo? Sisi hapa tuko salama. Papa anakohoa kidogo, na Landry bado anakataa kufua soksi zake. Nimeandika kwa sababu unajua nilivyo kwenye simu: nasema niko muzuri, halafu nanyamaza.

Kioo utakipata pamoja na barua hii, ndani ya gari la Papa Kasereka. Unakumbuka Mama alivyosema kwamba huko Ariwara hakuna ziwa, basi utapelekewa kidogo ukutani, kwenye kioo cha makombe. Shangazi alituletea kutoka Kasenyi, kando ya ziwa, mfuko mzima wa makombe ya konokono. Mama aliniagiza niyachemshe kwa maji ya majivu, kama walivyofanya kwao, ili nyama itoke na yasinuke. Kubwa kuliko yote, lenye mistari ya kahawia, alilichagua likae juu katikati ya kadre inayozunguka kioo, ulione kila ukichana nywele.

Nilichemsha yote isipokuwa hilo. Konokono alikuwa amefunga mlango wake, kile kifuniko kigumu mdomoni mwa kombe. Katika kitabu cha biolojia nimesoma kwamba wengine, maji yakikauka, hujifungia ndani na kusubiri miezi mingi. Nilitaka kujua kama ni kweli. Nikamwambia Mama yote yamechemka, naye akalibandika kwa gundi.

Tangu hapo, nikitoka shule nasimama mbele ya kioo na kuuliza kwa sauti ndogo: uko? Hakujibu, wala hakunuka. Jumapili, Mama alipangusa kadre kwa kitambaa chenye maji. Nilipopita baadaye, mlango ulikuwa umefunguka kidogo sana, na ndani kitu cheusi kilikuwa kinarudi nyuma.

Dada, nilifurahi, halafu nikaogopa. Nikinyamaza, utapata kioo kizuri, na yeye atafia ukutani kwako. Nikisema, Mama atajua nilimdanganya, na kazi yake itaharibika.

Jana nilimwambia. Alinitazama, akauliza, "Weye, uharibu kioo ya dada yako juu ya konokono?"

Nilichota maji kwa kikombe nikayamimina polepole juu ya kombe. Tukangoja. Mlango ukafunguka, zikatoka pembe mbili nyembamba, zikapapasa hewa kuelekea upande wa Mama. Yeye aliyezoea kuwaona ndani ya sufuria tu alisogeza kiti karibu.

"Leta wembe," akasema.

Nilikata gundi taratibu, yeye akishika kadre. Rangi ilibanduka kidogo. Nilidhani atabandika jingine pale, lakini alipangusa pengo na kuliacha. Konokono sasa yuko ndani ya beseni, anakula majani ya lengalenga. Jumamosi nitapanda gari na Shangazi hadi Kasenyi, nimrudishe majini mimi mwenyewe.

Wageni wakikuuliza pale juu palikuwa na nini, waambie mwenyewe alirudi kwao.

Mama anakusalimu sana. Msalimie shemeji. Soksi za Landry nimezifua mimi.

Mdogo wako,
Christella