Utarudi Jioni

Jumatatu, 3 Juni 1974
Zamu ya asubuhi, wodi ya wazazi. Baridi. Ukungu umeng'ang'ania Uluguru hadi saa nne. Mume wangu Stefani, Mzungu wa Poland, kashinda akitengeneza pampu, karudi na oili hadi kwenye nyusi. Mkude kaja kula, kama kawaida. Katibu wa tawi la chama, msimamizi wa ndoa yetu. Anamwomba Stefani awasimulie vijana wa darasa la jioni habari za vita vya Ulaya. Stefani kasita. Kakubali kwa ajili ya Mkude tu.

Alhamisi, 6 Juni
Miaka yote ya ndoa, leo ndiyo nimesikia. Stefani alikuwa askari wa Poland. Wajerumani wanawapiga kutoka magharibi, Warusi wakaingia kutoka mashariki. Wakasema wamekuja kuwasaidia. Kina Stefani wakawapungia mikono. Halafu: wekeni silaha chini. Wakatembezwa kwa njaa na kiu, wakapakiwa mabehewa ya ng'ombe. Maofisa wakatengwa. Kaka yake Yosefu alikuwa ofisa. Baridi ilipokwisha, maofisa wakaambiwa watarudi kwao. Wakafurahi. Walipigwa risasi za kisogo, msituni. Stefani alijua baadaye, makaburi yalipofukuliwa. Yeye, askari wa kawaida, alipelekwa kuvunja mawe. Ndiyo maana yu hai, akafika huku.
Mkude ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Jumanne, 11 Juni
Landrova mlangoni. Mkude na askari. Stefani anaitwa mkoani.
"Mazungumzo tu, shemeji," Mkude kaniambia. Kisha kamgeukia Stefani: "Utarudi jioni."
Stefani kashika mwimo wa mlango. Askari hawakumtisha. Maneno yale ndiyo yaliyomtisha. Nimepanda garini pamoja naye. Wamesema hairuhusiwi. Sikushuka.

Jumatano, 12 Juni
Kosa: kuwachafua Warusi, marafiki wa taifa, mbele ya vijana. Shahidi: Mkude. Aliketi upande ule wa meza. Kayarudia maneno ya Stefani, kaongeza yake. Eti Stefani alisema na Ujamaa wetu utaishia msituni. Uongo mtupu!
Stefani kamuuliza jambo moja: "Si wewe uliyeniomba?"
Mkude katazama dirishani.
Stefani kaachishwa kazi karakana ya serikali. Tushukuru hakufukuzwa nchini, wanasema. Nimshukuru nani? Mtu aliyekula ugali wangu. Namchukia. Nimeandika, sifuti.

Ijumaa, 14 Juni
Mkude anahamia ofisi ya wilaya. Kapandishwa cheo. Basi.

Jumapili, 23 Juni
Kwenye misa Stefani kamwombea Yosefu kwa jina, kwa sauti. Mara ya kwanza.
Mchana hodi. Mkude, na mkungu wa ndizi kutoka Matombo. Eti mambo ya kazi yasivunje udugu. Nyuma yangu Stefani alikuwa anakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe.
"Stefani hayupo," nikasema.
Mkude akasikiliza kile kijiko. Akauweka mkungu chini, akaenda zake.
Stefani akauliza ni nani. Mpita njia, nikamwambia. Akanivutia kiti. Tukanywa chai.