Kwani Baba Ana Miguu?

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na lifti unazozitengeneza zinakutii. Sisi wazima. Mama anashona sare za shule tangu asubuhi, na mdogo wangu Kitinda ana mafua tu.

Tableti uliyotununulia nimeifungia kabatini, ufunguo ninao mimi. Mama anajua, ila usimgombeze. Kosa, kama ni kosa, ni langu. Kwa mdomo nisingeweza kukuambia, unajua ulimi wangu unavyokuwa mzito mbele ya watu.

Ulipoondoka tulianza kuiweka kwenye kiti chako mezani, tukupigie simu ya video ule nasi. Lilikuwa jambo zuri. Lakini ukishakata, Kitinda hubaki nayo akitazama katuni mpaka asinzie. Ukimnyang'anya, anapiga kelele hadi majirani wanagonga ukuta. Ana miaka minne, na neno analolitamka vizuri kuliko yote ni "chaji".

Kisha ukaja likizo, ukavuta kiti chako ukae. Unakumbuka alivyolia? "Toka! Hapo pa Baba!" Akaenda kuikumbatia tableti. Wewe ulicheka. Baadaye nilikuona jikoni unajipangusa macho.

Tuandikie barua. Nitamsomea.

Mwanao

12 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo unavumilia. Barua yako nimeisomea juu ya paa la lifti, nusura nidondoshe spana. Tangu lini kifaranga akamfundisha kuku kuchakura?

Niko huku kwa ajili yenu. Uso wa mwanangu jioni ndio chakula changu. Ukifunga kabati, umenifungia mlango. Na wewe na vitabu vyako je? Unasoma hadi chakula kinapoa, mbona sikuvifungia?

Fungua hilo kabati. Si ombi.

Baba yako

25 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sote hatujambo, na mafua ya Kitinda yamekwisha. Mama anakusalimu.

Sifungui.

Kuhusu vitabu umenipata. Siku hizi sisomi mezani, na simu za nyumba nzima zinaingia kabati hilo hilo tukianza kula, hadi Kitinda alale. Yeye ndiye aliyedai: "Na nyie wekeni!" Mama alinuna, maana ndio saa yake ya kutazama mitindo ya magauni, lakini akaweka.

Mwanzoni Kitinda alilipiga kabati mateke akaniita "dada mwizi". Nilikaa naye sakafuni tu. Kulia kulipomchosha, akaanza kuzipanga bobini za uzi wa cherehani na kuzivisha mabaki ya vitambaa. Sasa zina majina, zinagombana, zinasuluhishwa. Maneno yanamtoka kama bomba lililozibuliwa.

Jana nilimsomea barua yako, ila ile ya kifaranga niliiruka. Akasikiliza, akafikiri, akauliza: "Kwani Baba ana miguu?"

Hajui, Baba. Anakujua uso na mabega. Siku zile chache za likizo yako alikuwa chini ya meza na katuni zake. Mjibu wewe. Mimi simjibu kwa niaba yako.

Mwanao

2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tu wazima.

Umenyamaza. Mama anasema ukimpigia unawasalimu wote hadi jirani, isipokuwa mimi. Kasirika, Baba. Sikatai kwamba naogopa, hata darasani mawazo yangu yako kwako. Lakini kimya chako si ufunguo.

Kitinda amekuchora. Umeishia mabegani. Anabeba karatasi hiyo kila mahali, anangoja kuambiwa huko chini achore nini.

Mwanao

14 Mei

Kitinda mwanangu,

Hujambo? Unakula vizuri? Humsumbui Mama?

Ndiyo, ninayo miguu. Miwili. Wa kushoto una kovu gotini, ngazi iliniteleza nikiwa najifunza kazi. Jioni nikivua buti inanuka, wenzangu wanakimbilia dirishani. Lifti ikigoma, miguu hiyo ndiyo inayonipandisha hadi juu kabisa, na huko juu inatetemeka, lakini hilo usimwambie mtu. Ulipozaliwa nilikulaza juu ya mapaja, ukanitazama vizuri, halafu ukanikojolea. Chora yote hayo. Mkojo unaweza kuuacha.

Nikija tena nitakuja mzima, juu hadi chini. Ukiniogopa, niogope tu. Nitakaa sakafuni na watu wako wa bobini mpaka unizoee. Sitacheka.

Mwambie dada yako, huyo anayekusomea, kwamba bado nimemkasirikia. Kiburi kile sijui kakitoa wapi. Mama yenu anasema anajua.

Asifungue.

Baba yako